Tepu Usiiamini Hadi Uibandue

Nekesa, mama,

Kuanzia Kitale mpaka Bungoma hakuna fundi mwingine ambaye mstari wake haujawahi kuvuja rangi hata mara moja. Ni mimi babako peke yangu. Ukifika huko na mtu akuulize umejifunzia wapi, mwambie hivyo, na umwangalie machoni.

Haya. Mamako amesimama nyuma yangu, amesoma hiyo ya kwanza, na amecheka mpaka akakaa chini. Anasema nimwandikie mtoto ukweli au niache kumaliza mafuta ya taa. Basi, mstari wangu umevuja. Umevuja kwenye milango, kwenye tangi za pikipiki, kwenye jeneza moja, na kwenye ubao wa kinyozi fulani hapa Tuwan ambapo jina lake lilionekana kama limenyeshewa. Lakini ile sentensi siifuti. Nani atatoka Bungoma aje Tuwan kuuliza?

Sitakuambia mambo ya blanketi, wala utembee na nani, wala ule nini. Hayo mamako amekuambia tangu Jumapili na naona masikio yako yameanza kufa ganzi. Mimi nilisoma mpaka darasa la tano, na hata hilo la tano mwalimu alinipitisha ili nimwondokee hapo. Kwa hivyo sina mengi. Jumatatu Simiyu, huyo fundi unayekwenda kwake Bungoma, atakupa mlango wa lori la yule mama wa Chwele anayeuza vitunguu. Anataka korongo, na manyoya yake yote ya kichwani, na mistari mitatu chini ya miguu. Simiyu amesema mstari ukivuja unarudi Kitale na begi lako, ukitoka safi unabaki kwake kama fundi wa michoro. Korongo unamjua kuliko mimi. Mimi moyoni naogopa kile utakachobandika kabla ya kupuliza rangi.

Kwa sababu hakuna mtu amewahi kusimama barabarani akasema, bana, lori hiyo ilifunikwa vizuri. Wanasifu rangi. Lakini rangi haina akili, inaenda popote pana nafasi, kama mbuzi. Kazi yote iko kwenye ua wa kuizuia.

Unajua wenye maduka wa Kitale wakiniona naingia wanaficha tepu. Sinunui kama watu. Nafungua, nabandika kwenye mkono wangu wa kushoto, nangoja kidogo, navuta. Ikitoka bila nywele hata moja, hiyo haishiki, rangi itapita chini yake. Ikitoka na nywele zote mpaka nipige kelele, hiyo itang'oa na rangi ya jana. Mimi nataka ile inayoondoka na nywele mbili tatu, kwa heshima. Ulikuwa ukiniuliza mbona mkono mmoja una kipara. Sasa umejua. Wewe huna nywele za kutosha mkononi, tumia mkono wa Simiyu.

Na hata ikipita mkononi, bado ishuku. Unakumbuka ile tuliletewa kutoka Lwakhakha, imefungwa vizuri mpaka unaogopa kuifungua?

"Baba, hii ni mpya," ukasema. "Angalia inavyong'aa."

Nikainusa. Nikakuambia tepu ni kama gunia la mahindi sokoni, mazuri yote yako juu.

"Si uache kushuku kila kitu, baba?"

"Tuweke beti."

"Haya. Ikivuja, nitakupigia mstari wa njano kwenye baiskeli yako, fremu nzima. Isipovuja, utachoma mahindi wiki nzima na huonji hata punje."

Tukabandika, ukapuliza kijani, tukangoja. Mizunguko ya juu ya tepu ilitoka safi kabisa, ukaanza kuniambia niende nitafute makaa. Tulipofika mizunguko ya ndani, gundi ilikuwa imekauka, ukingo umejikunja, na kijani kimetambaa chini yake kama siafu wanahama. Mimi nilicheza kidogo pale uani, na jirani akatoka kuuliza kama kuna harusi. Hilo la baiskeli sijasahau, nitalirudia.

Kwenye shingo ya korongo utatamani tepu ya umeme, ile nyeusi ya mafundi wa nyaya. Inapinda vizuri kuliko ya karatasi. Ukiivuta inarefuka, ukiipeleka huku inakubali, kule inakubali. Kitu kinachokukubalia kila kona, kishuku. Ukiondoka kinarudi kuwa kifupi polepole, na asubuhi unakuta mwanya ambao hukuuacha. Ilaze bila kuivuta, uikandamize na ukucha wa kidole gumba, na rangi uipulize siku hiyo hiyo. Manyoya ya kichwani kata kwa tepu ya karatasi, juu ya kioo, kwa wembe mpya, vipande vyembamba kama tambi. Usitumie wembe niliokupa mwaka jana. Ule ulishapitia kidevu changu.

Nimekuwekea pia kwenye begi ile filamu ya eksirei niliyokatia korongo wangu wa kwanza. Haipindi, hainywi rangi, unaipangusa unaitumia tena. Mamako bado hajajua kwamba huo mguu kwenye filamu ni

Nimerudi. Sasa amejua ni mguu wake. Anasema alipoulizwa hospitalini filamu iko wapi, mimi ndiye niliyeapa kwamba ilibaki kwa kinyozi. Sikumbuki kuapa.

Sasa nikuambie lile la pikapu, kwa sababu huko Bungoma utalisikia, na afadhali ulisikie kutoka kwa mwenye makosa.

Wewe ulikuwa bado unanyonya. Mimi na Simiyu tulikuwa tunafanya kazi pamoja, kibanda kimoja, bunduki moja ya rangi, tunagombana asubuhi na kucheka jioni. Akaja mzee Wanyama kutoka huko juu kwenye miteremko ya Elgon, mkulima, mzee wa kanisa, mtu wa kofia. Pikapu yake ilikuwa imezeeka na kijana wake alikuwa anaoa Jumamosi. Akataka nyeupe yote, na ukanda wa kijani chini ya madirisha. Tukapaka nyeupe. Siku iliyofuata ilikuwa zamu yangu kupiga ukanda. Nikamwambia Simiyu alete kitu cha kufunikia milango. Dukani karatasi ya kaki ilikuwa imeisha. Akarudi na gazeti.

Nikafunika mlango, nikabandika tepu ukingoni, nikapuliza kijani, na nilipuliza sana kwa sababu nilikuwa na haraka. Thina, ile ya kuyeyushia rangi, ikalowesha karatasi. Na ile nyeupe chini ilikuwa ya jana, bado laini. Kwenye karatasi iliyolala mlangoni kulikuwa na ukurasa wa matanga, wenye picha za marehemu.

Nilipobandua, mama, mtu alikuwa ananiangalia. Uso mzima, miwani, tai, na chini yake maneno yamegeuka kinyume. Amefifia kidogo, kama mtu aliye nyuma ya pazia la mvua, lakini ni yeye kabisa. Kabla sijapata kitambaa, mzee Wanyama huyo, anaingia na kijana wake bwana harusi.

Mzee alizunguka pikapu. Akaja pale mlangoni, akasimama, akavua kofia.

"Fundi. Huyu ni nani?"

"Ni kivuli tu, mzee. Jua likipiga hivi..."

"Kivuli kina tai?"

Simiyu nyuma yangu alikuwa amejiziba mdomo na kofia yake.

"Nani amekutuma?" mzee akauliza polepole. "Ni wale wa upande wa mama ya bibi harusi? Sema tu."

"Mzee, ni gazeti. Wino umeshika rangi. Nipe saa moja, napiga msasa."

"Huwezi kumpiga mtu msasa kabla hajaombewa."

Na kweli wakaniitia pasta. Pasta akaja, akainama, akaangalia kwa makini ule uso, akaangalia maneno yaliyogeuka, akasema, "Huyu si tulimzika juzi?" Hapo bwana harusi akakaa chini kwenye matairi. Pasta aliomba mpaka rangi ikakauka kabisa, na ikikauka ndiyo msasa unakuwa kazi ngumu. Pikapu haikwenda harusini. Bibi harusi alibebwa na trekta. Na mimi tangu siku hiyo, huko juu Elgon nikawa fundi wa maiti. Mteja hata mmoja hakushuka tena kutoka upande ule.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilisema ni Simiyu. Nilisema alitafuta makusudi ukurasa wa matanga ili aniharibie jina. Mbona hakuleta ukurasa wa mpira? Mbona alikuwa anacheka? Nilisema hivyo kibandani, nikasema kwa muuza chai, nikasema kanisani nikiwa nimeinamisha kichwa kama ninayeomba. Watu wakaanza kumpa kazi huku wanamchunguza mikono. Mtu akikaguliwa hivyo kwa muda, anachoka. Akafunga vitu vyake akaenda Bungoma, na hakuniaga, na nikasema unaona, mwenye hatia hukimbia.

Lakini nilikuwa nimesikia kitu siku ile, na nilikisikia vizuri. Aliponipa gazeti, Simiyu alisema, "Weka karatasi mbili, hii ni nyepesi." Na mimi nikamjibu, "Karatasi ni karatasi." Nikaweka moja.

Ndiyo hiyo. Nilimshuku mtu, nikaiamini karatasi. Nilipaswa kufanya kinyume. Mambo haya si magumu, hata mtu wa darasa la tano angeyajua, lakini nimechukua miaka yako yote ya kukua kuyasema, na bado nayasema kwa barua.

Kwa hivyo uliponiambia ni Simiyu amekuita, nilishtuka. Mbona msichana wangu? Bungoma imekosa vijana? Pikipiki zimejaa siku hizi, kila mtu anataka tangi lake lichorwe simba, vijana wa kuchora wako kila kona. Nimegeuza hilo swali kichwani kama mtu anayegeuza jiwe akitafuta nge. Pengine ameona kazi yako kwenye lile lori la maziwa, akaipenda tu. Pengine anataka upige mstari uvuje mbele ya watu, aseme, mnaona, ni mtoto wa yule. Sijui. Wewe Jumatatu angalia atakupa nini cha kufunikia. Akikupa karatasi ya kaki, amesahau. Akikupa gazeti, hajasahau, na ana haki, usimkasirikie. Nimekukunjia kaki ya kutosha chini ya nguo zako. Usiitoe kwanza. Chukua gazeti lake, weka karatasi mbili, na mwambie hivi: "Baba anasema ni mbili." Basi. Usiongeze neno. Yeye ataelewa, na wewe uangalie uso wake uniambie ulikaaje.

Lakini pia mwangalie kidogo. Sijasema nimekuwa malaika.

Kuna jambo la mwisho la kazi, na nilikuwa nimepanga kukupa kama zawadi. Nimelificha miaka yote. Kila nilipofika mahali pa kulifanya, nilikutuma ukanunue maziwa. Hujajiuliza mbona nyumba ya watu watatu inakunywa maziwa mengi hivyo? Ni hili: ukishabandika tepu juu ya nyeupe, usipulize kijani. Puliza kwanza nyeupe ile ile, kidogo tu, juu ya ukingo wa tepu. Ikiwa kuna tundu, nyeupe ndiyo itakayoingia na kuliziba, na nyeupe juu ya nyeupe nani ataiona? Kisha ndiyo kijani. Hapo mstari unatoka kama umekatwa kwa kisu. Nililivumbua mwenyewe kwa kukosea, na sikumwambia mtu, hata Simiyu, na wewe sikukuambia kwa sababu nilishuku. Nilishuku kwamba siku utakayojua hilo hutakuwa na haja na mimi tena, utaenda. Miaka minne iliyopita ulipotaka kwenda nikasema mkono wako bado, mistari yako bado inatetemeka kidogo pembeni. Ilikuwa inatetemeka kwa sababu nilikuwa nimekutuma maziwa.

Sasa leo mchana nimeingia nyuma ya ghala kutafuta kopo la thina, na nimekuta kipande cha bati kimegeuzwa uso ukutani. Nimekigeuza. Korongo. Nyeupe, nyeusi, manyoya ya njano kichwani mmoja mmoja, na mistari mitatu ya kijani chini ya miguu. Nikakipeleka nje kwenye jua. Nikapitisha ukucha kwenye ukingo nikitafuta palipovuja. Hakuna. Nikatoa miwani nikaiweka tena. Hakuna. Basi nikakwangua kona kidogo, samahani, na chini ya kijani nikaona uzi mwembamba wa nyeupe, siri yangu yenyewe.

Nilikaa pale nikajiambia nimeibiwa. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilishuku mtu na nikawa sawa.

Nimemuuliza mamako. Anasema kuna tundu kwenye mabati ya kibanda, upande wa njia ya kwenda kwa muuza maziwa, na kwamba tundu hilo lina umri wa miaka mitatu. Anasema maziwa ulikuwa unayanunua mbio ili upate nafasi ya kuchungulia. Anasema pia kwamba yeye alijua, na kwamba ukiondoa mimi, hata kuku walijua. Kwa hivyo nimeishi nikidhani mimi ndiye niliyefunika, kumbe nyinyi wawili mlishanifunika kitambo. Na mstari wenu haukuvuja.

Ulijua miaka mitatu, na hukwenda. Ningekuwa mimi ningeondoka siku ile ile, bila kubeba hata begi. Hilo nimelifikiria tangu mchana, na badala yake nakwambia jambo la tepu, ambalo unalijua: tepu ya karatasi isikae. Unabandua rangi ikiwa bado laini kidogo, polepole, ukiikunja nyuma juu yake yenyewe. Ukiiacha juani siku baada ya siku kwa sababu unaogopa kuangalia, gundi inaoana na rangi, na ukija kuvuta inakuja na ngozi. Mimi huwa nachelewa kubandua. Unajua.

Mlango wa Jumatatu utautoa safi. Nimeona bati, siwezi kujifanya sijaona. Nimelitundika hapa juu ya mlango wa kibanda, na ile kona niliyokwangua nitawaambia watu ni kuku.

Sasa yangu. Ule mstari wa njano wa baiskeli. Beti ulishindwa mwenyewe, jirani ni shahidi, alitoka akadhani ni harusi. Baiskeli nimeipiga msasa, nimeipaka rangi ya kwanza, na jioni hii nimeibandika tepu fremu nzima, pande mbili, tayari kabisa, hakuna kilichobaki ila mkono wako. Tepu yenyewe ni ya karatasi. Nimeijaribu mkononi, imeondoka na nywele tatu. Na baiskeli nimeiegemeza pale ukutani ambapo jua linapiga kuanzia asubuhi.

Unajua vile tepu hukaa juani. Usikawie.

Ni mimi babako,
fundi wa maiti